Kompyuta ya kwanza ya nyumbani kwa laki saba: mpya ya boksi, mtumba wa ofisini au ya mezani?

Kikoba cha dada yangu kilipovunjwa mwezi wa sita, alitoka na laki saba ambazo hakutaka ziishie kwenye mapazia. Alitaka kompyuta. Binti yake mkubwa alikuwa ametoka kumaliza kidato cha sita. Maombi ya chuo na ya mkopo kwenye OLAMS, mfumo wa mtandaoni wa Bodi ya Mikopo, yalikuwa mbele yake, na dada hakupenda mtoto wake akakae kwenye benchi la steshenari, amwachie kijana asiyemjua namba yake ya mtihani na nywila. Wadogo wawili wako darasa la sita na la nne. Yeye mwenyewe anauza vitenge, na daftari lake la wadaiwa limeshalowa chai mara mbili.

Tulizunguka Kariakoo mchana mmoja tukapata machaguo matatu ambayo bei zake zilikuwa zinakaribiana. Nayaweka hapa bega kwa bega kwa sababu swali hili naulizwa mara kwa mara na ndugu na majirani, na kwa sababu inaniuma kuona watu waliojinyima mwaka mzima wakipoteza pesa mahali palepale alipopoteza mwenzao wa jana.

Ya kwanza ilikuwa laptopu mpya, bado ina nailoni: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi zilizofunguliwa) GB 4, hifadhi ya eMMC (aina ya polepole) ya GB 64. Ya pili ilikuwa ThinkPad T480 iliyotumika ofisini Ulaya: Core i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, SSD (hifadhi ya haraka) ya GB 256. Ya tatu ilikuwa kompyuta ya mezani, nayo ya mtumba: OptiPlex 3060 Micro, kiboksi kisichozidi ukubwa wa kitabu kinene, yenye Core i5-8500T, RAM GB 8 na SSD ya GB 256, pamoja na monita ya inchi 22, kibodi na kipanya.

Mpya inayong'aa

Macho ya dada yalienda kwenye ile mpya, na sikumlaumu. Ni nyepesi, haina feni ya kupiga kelele, betri yake haijachoka, na kuna karatasi ya waranti. Mtu aliyewahi kuuziwa kimeo anaona nailoni ile kama kinga.

Lakini soma namba zake pamoja na mimi. Windows 11, kwa maelezo ya Microsoft yenyewe, inahitaji si chini ya GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi. Hicho ni kima cha chini kabisa, na laptopu ile imekifikia bila kukizidi hata kidogo. Windows na vitu vyake vikishajipanga, sehemu kubwa ya zile GB 64 imeondoka. Kila sasisho kubwa linataka GB kadhaa za kupumulia. Ukifungua kivinjari chenye kurasa tano, hati moja na mkutano wa video, RAM imejaa, na mashine inaanza kuhamishia kazi kwenye hifadhi ambayo nayo ni ya polepole. Celeron ile ina viini (core) viwili tu vya kufanyia kazi.

Yote hayo yangevumilika kama yangerekebishika, na hapo ndipo hasa ninapoikataa. RAM imelehemewa kwenye bodi, na eMMC nayo hivyohivyo. Fundi hawezi kuchomoa cha zamani akapachika kikubwa. Siku itakapoelemewa, huna la kuongeza.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu laptopu ya kwanza niliyoinunua kwa pesa yangu ilikuwa ya jinsi hii, ya GB 32. Mwaka haukuisha. Sasisho lilikuja, likakosa nafasi, likarudi nyuma, likajaribu tena usiku uliofuata, likala bando langu lote bila kukamilika. Nilifuta picha, nikafuta programu, mwisho nikabaki na mashine nzima, mpya machoni, isiyofanya kazi niliyoinunulia. Niliiuza kwa chini ya nusu ya bei.

Ukiikuta mpya yenye prosesa kama Intel N100, RAM GB 8 na SSD ya kweli, hilo ni jambo lingine, na kama pesa inatosha sitakuzuia. Uliza tu waranti ni ya nani: ya kiwanda, inayotambulika Tanzania, au ya duka? Ya duka inadumu kadiri duka linavyodumu.

Mtumba wa ofisini

Kwa nini laptopu iliyokuwa ghali sana mwaka 2018 inauzwa leo sawa na ya bei rahisi iliyotoka kiwandani juzi? Kwa sababu makampuni ya Ulaya na Marekani hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, ziwe nzima au mbovu. Zinakusanywa kwa maelfu, zinauzwa kwa jumla, nyingi zinapita Dubai, zinaishia Kariakoo. Mwenzangu wa Nairobi akishuka Luthuli anakuta zilezile: Latitude, EliteBook, ThinkPad. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi zenye mafundi wao, kwa hiyo zimeumbwa zifunguke. T480 ina sehemu mbili za kupachikia RAM, SSD inachomoka, kibodi inabadilishwa, na ina betri mbili: moja ndani, nyingine unaichomoa kwa nje bila hata bisibisi. Hata kuzima si lazima, kwa sababu ile ya ndani inashikilia.

Mtego mkubwa wa mtumba uko kwenye neno moja: i7. Muuzaji atakwambia, "Hii ni i7 bosi, hiyo ni i5 tu," na bei inapanda. Usikubali kabla hujasoma namba inayofuata baada ya kistari. i7-6600U ni ya kizazi cha sita na ina viini viwili. i5-8350U ni ya kizazi cha nane na ina viini vinne. Kwenye laptopu nyembamba za ofisini, kizazi cha nane ndicho kilichoongeza viini kutoka viwili hadi vinne, kwa hiyo "i5 tu" inaiacha mbali ile i7.

Kizazi cha nane ni mpaka kwa sababu ya pili pia. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10, na Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache mno. Ndiyo maana laptopu za kizazi cha sita na cha saba zimejaa mezani kwa bei ya kutamanisha. Kuna mafundi wanaozilazimisha kupokea Windows 11, na kweli inawaka, lakini Microsoft haijakuahidi masasisho kwenye mashine ya namna hiyo. Kama pesa yako inaishia hapo, inunue, lakini iwekee Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ambao ni bure na bado inaihudumia vizuri. Usinunue huku umeaminishwa kwamba umepata Windows ya miaka mingi.

Kabla ya kulipa, kaa na mashine dakika ishirini. Muuzaji mwema hakasiriki. Sisi tulianza kwa kuizima na kuiwasha ili tuingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani kabla Windows haijaamka: kwa ThinkPad ni F1, kwa Dell F2, kwa HP F10. Ikikudai nywila, iache hapohapo, maana nywila ya BIOS ya laptopu za ofisini mara nyingi haitoki bila kugusa bodi yenyewe. Kisha iunganishe na intaneti ya simu yako wakati Windows inajipanga upya. Ikileta jina la kampuni na kutaka barua pepe ya mfanyakazi wake, mashine ile bado imeandikishwa kwa mwenyewe wa zamani, na hata ukiifuta itarudia kudai. Wengi hugundua hili wakiwa nyumbani, kwa sababu dukani haikuunganishwa na mtandao.

Betri usiipime kwa maneno ya "inakaa masaa manne". Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue ripoti inayotengenezwa. Kuna uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki leo. Ikiwa imebaki chini ya nusu, hesabu bei ya betri nyingine ndani ya bei ya laptopu, na umwambie muuzaji hivyo. Tuliyoishika siku ile, ya ndani ilikuwa nzuri na ya nje imechoka, jambo la kawaida kabisa kwa T480.

Bonyeza kila herufi. Mzigo wa Ujerumani huja na Z mahali pa Y, wa Ufaransa unaanza na A mahali pa Q, na mtoto anayejifunza kuchapa atasumbuka bure. Kigeuze kioo pembeni: rangi zikigeuka kuwa kama negativu, ni kioo cha bei ya chini, na pointi 1366 kwa 768 zitakuchosha ukisoma hati ndefu. Tafuta 1920 kwa 1080. Chomeka chaja kwenye kila tundu linalopokea chaja. Kwa T480 hili ni muhimu zaidi, kwa sababu programu ya ndani ya tundu lake la Thunderbolt (moja ya matundu yake ya USB-C), ile ya matoleo ya mwanzo, iliweza kuliharibu tundu hilo kadiri muda ulivyokwenda. Lenovo ilitoa sasisho la kulirekebisha, lakini mashine ambayo haikusasishwa mapema inaweza kuwa imeshaathirika. Plagi ya miti ya duara isikutishe. Chaja yenyewe inapokea volti 100 hadi 240, unabadilisha waya tu.

Ya mezani, ambayo watu wanaidharau

Ukisema kompyuta ya mezani, watu wanaona lile sanduku la chumba cha kompyuta cha shule, linalovuma kama mashine ya kusaga. Hizi ndogo za ofisini sivyo zilivyo. Ile i5-8500T ina viini sita, vingi kuliko hata ile ya ThinkPad, na imetengenezwa kutumia umeme kidogo. Chaja yake ni kama ya laptopu, kwa hiyo haina hatari ya baadhi ya zile kubwa za zamani zinazotoka Marekani, ambazo kwa nyuma zina swichi nyekundu ya volti 115 na 230. Hizo ukizichomeka kwenye umeme wetu swichi ikiwa 115, utasikia mlipuko na harufu. Ukinunua kubwa, tazama nyuma kwanza.

Tuje kwenye umeme, maana ndipo dada alipokunja uso. Kiboksi kile na monita yake, kwa kazi za kawaida, huchukua kama wati 40. Saa nne kwa siku, siku thelathini: karibu unit 5 za LUKU kwa mwezi. Laptopu kwa kazi hiyohiyo ni kama wati 15, yaani hata unit 2 hazifiki. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la D1, lile la bei nafuu lenye unit zisizozidi 75 kwa mwezi, unit 3 za tofauti si kitu cha kupuuza kama tayari uko kwenye 73. Dada yuko kwenye 50 na kitu. Alihesabu kwa vidole, akatulia.

Umeme ukikatika, laptopu inaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ya mezani inakufa na hati ambayo hukuihifadhi. Kwa hiyo bei ya ya mezani uisome pamoja na UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, kila mara. Ya VA 650 inatosha kwa kiboksi kidogo na monita: inakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, na inakinga mashine umeme unaporudi kwa kishindo. Betri yake nayo huchoka baada ya miaka miwili mitatu, ubadilishe. Mtaa ambao umeme hukatika saa nyingi kila wiki, sitamshauri mtu ya mezani, hata iwe nzuri vipi.

Uliza pia vitu ambavyo laptopu huja navyo bila kuulizwa. Baadhi ya viboksi hivi havina waifai, kwa sababu ofisini vilitumia waya. Kamera haipo, maikrofoni haipo. Vyote vinapatikana, vidogo vya kuchomeka kwenye USB, ila uvihesabu.

Sasa faida, na hapa niruhusu nikae kidogo. Nyumba yenye watoto watatu ni tofauti na mtu mmoja mwenye begi. Chai ikimwagika kwenye kibodi ya mezani, unanunua kibodi. Ikimwagika kwenye laptopu, inaweza kuingia hadi kwenye bodi. Monita ya inchi 22 wanakaa watoto wawili mbele yake, mmoja anasoma swali, mwingine anachapa. Ikiwa sebuleni, mama anapita na sufuria na kuona kilicho kwenye kioo bila kufanya upelelezi. Na mwizi wa dirishani anabeba laptopu kwa mkono mmoja, wakati monita na nyaya zake zinamchelewesha.

La mwisho ndilo zito. Laptopu ya nyumbani haikai nyumbani. Nimeona kwenye familia nyingi: inanunuliwa "ya wote", mkubwa anapata chuo, inaondoka naye Dodoma au Morogoro, na wadogo wanarudi steshenari. Hakuna aliyekosea. Mwanafunzi anaihitaji kweli. Lakini nyumba imebaki bila kompyuta, na pesa ya kikoba imeshatumika.

Nyingine, kwa haraka

Chromebook za mtumba, laptopu zinazotumia mfumo wa Google badala ya Windows, ni rahisi na zinadumu na chaji, ila kila moja ina tarehe ya mwisho ya masasisho iliyowekwa na Google. Mwaka 2023 Google ilitangaza miaka 10 ya masasisho kwa zilizotoka kuanzia 2021, lakini nyingi zinazofika kwetu ni za shule za Marekani za kabla ya hapo. Tarehe utaikuta kwenye mipangilio. Soma kabla ya kulipa. Tableti usiinunue kama kompyuta ya nyumbani. Kazi zake nyingi simu yako inazifanya.

Kuhusu programu: laptopu na viboksi vya ofisini vingi vina leseni ya Windows iliyohifadhiwa ndani ya BIOS, kwa hiyo ukiisimika upya toleo lilelile, mara nyingi Pro, inajitambua yenyewe ukiingia mtandaoni. Usimlipe fundi "kuicrack". Zile programu za kuvunja leseni ni njia mojawapo ya virusi kuingia nyumbani, na hapo kuna nywila za benki na za watoto. Kwa kuandika na mahesabu, LibreOffice ni bure na inafungua hati za Word na Excel. Mizizi yake ni ileile ya OpenOffice, ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri kwa Kiswahili na kuitoa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Walioitumia wanaikumbuka kwa mapenzi, nami ni mmoja wao.

Tulichochukua

Kwa mtu anayeishi chumba kimoja, anayehamahama, au aliye kwenye mtaa wa giza la kila siku, ningechukua ThinkPad bila kufikiri mara mbili. Ile mpya ya boksi nisingeichukua kwa yeyote kati ya hawa.

Kwa dada ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu binti alikuwa amesimama pembeni amekumbatia ile ThinkPad. Dada alimwangalia, akaniuliza mimi, "Huyu akipata chuo mwezi wa kumi, ataiacha?" Binti mwenyewe ndiye aliyejibu: "Sitaiacha, mama." Akaiweka mezani taratibu.

Tukachukua ya mezani. Kompyuta na monita laki tano baada ya kupatana, UPS laki moja na elfu thelathini, kamera na kidude cha waifai elfu arobaini. Elfu thelathini iliyobaki ikawa ya bando. Ya chuo itatafutwa kivyake, na mzunguko unaofuata wa kikoba umeshawekewa jina.

Risiti ya EFD ilitoka imeandikwa "computer" tu. Tulirudi ndani. Vitu vya mtumba wakati mwingine vina historia usiyoijua, na siku polisi au mwenye mali akiuliza, neno moja halitakusaidia. Tulimwomba muuzaji aandike namba ya mashine, ile iliyobandikwa chini ya kiboksi, akaiandika nyuma ya risiti kwa kalamu, akagonga muhuri wa duka. Dada alipiga picha mbele na nyuma kwa sababu wino wa risiti zile hufutika, kisha akaikunja na kuiweka kwenye bahasha ya vyeti vya watoto.